Ndizi Haimsubiri Mgeni Rasmi

Saa tatu asubuhi ndizi zilikuwa zimekwisha menywa zote. Zililala ndani ya majaba mawili ya maji, nyeupe pe, na hapakuwa na aliyezigusa tena. Wanawake waliozimenya tangu alfajiri walikuwa wamekaa juu ya majani makavu ya migomba wakijisugua mafuta ya kula viganjani, maana utomvu wa ndizi ukikauka mkononi hubaki siku tatu, mweusi kama wino wa kupigia kura. Kuni zilikuwa zimepangwa kwenye mafiga. Nyama ilikuwa inatokota. Mama mpishi mkuu, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga mbili na kuchomeka kisu kidogo kiunoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama kilima cha ng'ambo.

Nilimwamkia, kisha nikamuuliza anasubiri nini.

"Honi," alisema.

Ilinichukua muda kumwelewa. Msafara wa maharusi ukitoka kanisani hupita kwenye kile kilima, na madereva wakifika pale hawawezi kujizuia, lazima wapige honi. Kutoka pale hadi nyumbani, ukihesabu picha zitakazopigwa njiani na matarumbeta yatakayoshuka garini ili yaingie kwa miguu, ni kama saa nzima. Ndizi zenyewe zinataka chini ya hapo kuiva. Basi honi ndiyo saa yake.

"Ndizi haisubiri, mwanangu," aliniambia. "Ikipoa inakuwa jiwe, na jiwe haliliwi. Wali ndio unaojua kusubiri."

Alisema hivyo kwa kuusifu wali, nadhani. Mimi nilikaa na maneno hayo siku zote nilizokuwa Kagera, na kadiri nilivyoyazungusha ndivyo yalivyogeuka kuwa shutuma.

Songambele, mahali pa harusi hiyo, iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye pembe ya Tanzania inayopakana na Uganda na Rwanda. Katikati ya majina ya Kinyambo, Nkwenda, Murongo, Omurushaka, jina hili la Kiswahili linasikika kama amri ya mkutano wa hadhara. Nilifika kwa mwaliko wa mkono wa pili: rafiki yangu ni mjomba wa bwana harusi, naye alishikilia kwamba mtu wa Tanga hawezi kuandika habari za vyakula vya nchi hii akiwa hajaona ndizi zinavyopikiwa watu mia tatu.

Tulitoka Bukoba, tukapita Kyaka penye daraja la Mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, kisha tukapanda vilima vya Karagwe. Ilikuwa Julai. Pembeni mwa barabara kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka na maturubai, mahali pengine nyekundu, mahali pengine imekwisha kuwa nyeusi, na watoto wakiigeuza kwa miguu. Kiangazi cha huku, ekyanda, kinaanza Juni na kinaishia Agosti, na ndicho msimu wa harusi kwa sababu mbili zisizohitaji mtafiti: barabara za udongo zinapitika, na fedha za kahawa zinaingia. Jumamosi ile peke yake tulipishana na misafara mitatu ya maharusi.

Kwa hiyo sherehe ni za nje. Nyumba haiwezi kubeba watu mia tatu, na hakuna mwenye nia ya kuwabana ndani. Hukodiwa mahema, viti vya plastiki na spika ndefu kuliko mlango, na jiko huhamia nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Jikoni huko ndiko nilikokaa mimi, nikiacha hotuba ziwafae wengine.

Ukitazama juu juu utaona vurugu: moshi, kuku wanaopita, watoto wanaonyemelea vipande vya nyama. Ukikaa saa mbili utaona mpango. Maji ya kunywa na ya kunawa yalikuwa kwenye majaba tofauti, na jaba la kunywa lilikuwa na kata yake iliyofungwa kwa kamba ili isitangetange. Nyama mbichi ilikatiwa upande wa chini wa kiwanja, na vijana, juu ya majani mapana ya migomba. Kila walipomaliza fungu, majani yalikunjwa na kutupwa, yakatandazwa mengine. Ubao wa kukatia unaotupwa kila baada ya nusu saa! Hoteli ngapi za mjini zina ubao wa namna hiyo? Nilipomsifia kijana mmoja alinitazama kana kwamba nimemsifu kwa kuvaa viatu. Majani yapo, alisema, kwa nini tuoshe ubao?

Ng'ombe alichinjwa alfajiri, na afisa mifugo alikuwa amekuja kumkagua kabla mtu hajatia kisu kwenye paja. Hilo nalo si jambo la kupuuza mpakani. Mwishoni mwa 2023, wilayani Kyotera, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa wilaya ya Missenyi, watu walikufa kwa kimeta, ugonjwa unaowapata wanaochuna na kula mizoga ya ng'ombe waliojifia. Mwanzoni baadhi ya wenyeji walidhani ni uchawi. Mjomba wa bwana harusi aliikumbuka habari hiyo vizuri. Alisema tangu hapo hata wazee waliokuwa wakinung'unikia ada ya ukaguzi wameacha kunung'unika.

Lakini nirudi kwenye wali. Ulikuwepo, tena mwingi, pilau na mweupe, umepikwa mapema kwa sababu unajua kusubiri. Kwetu pwani wali ni chakula cha kila siku na cha kila shughuli. Huku vilimani ndizi ndicho chakula chenyewe, ebitoke, na mzee mmoja aliyekaa nami alisema ujanani mwake wali ulikuwa wa Krismasi. Sasa harusi isiyo na pilau itasemwa mwaka mzima. Akaongeza kwamba tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera, na huo uligunduliwa mwaka 2006, kuna nyumba zilizong'oa nusu ya shamba, na mwenye mikungu michache huijazia karamu kwa gunia la mchele.

Wali una mkazi wake ambaye haonekani. Bakteria aitwaye Bacillus cereus anaishi udongoni, na mbegu zake huingia kwenye mchele tangu shambani. Kuchemsha kunamuua yeye, hakuziui mbegu. Wali ukiachwa uvuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo ukiipasha moto upya haiondoki. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache. Haya sikuyajua kwa kuyasoma. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja ambao nitauacha bila jina, nilikula pilau ya sendofu iliyopikwa asubuhi na kupakuliwa saa mbili usiku, imepashwa, ina moshi, inanukia iliki. Saa tano usiku nilikuwa nimelishika sinki kwa mikono miwili. Kesho yake wanakamati walilaumu maji. Mtu mmoja alimlaumu shangazi wa bibi harusi.

Sufuria kubwa la nyama nalo lina mgeni wake, Clostridium perfringens, ambaye wataalamu wanamhusisha na majiko ya watu wengi kuliko na jiko la nyumbani. Naye anaacha mbegu zisizokufa kwa kuchemka. Sufuria la kilo hamsini za mchuzi likiepuliwa, ukingo unapoa upesi lakini katikati hubaki na joto la kuoga kwa saa nyingi, na kwenye nyuzi 43 hadi 47 huyu bakteria anaweza kujizidisha maradufu kwa takribani dakika 10. Waliokula hulala salama, wakaamka usiku wa manane au asubuhi wakishika matumbo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni zake tano za chakula salama mwaka 2001, na ile ya nne ndiyo inayohusu mahema yetu: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kiwekwe chini ya nyuzi 5 au kiendelee kuwa moto kupita nyuzi 60. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya baridi tamu. Asubuhi ile nilivaa sweta, mimi niliyetoka kwenye jasho la Tanga. Wageni kadhaa waliniambia chakula hakiharibiki huku kwa sababu hakuna joto. Mchana wa kiangazi kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 25, na 25 iko kati ya 5 na 60. Baridi ya sweta si baridi ya friji.

Mama mpishi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na jani na mkono. Juu ya kila sufuria lililoiva alifunika majani ya migomba yaliyobabuliwa motoni yakalegea, tabaka mbili, kisha mfuniko, kisha akaacha makaa chini, si moto. Kila baada ya muda alipita akiinua ncha ya jani. Mvuke ukimpiga usoni, alifunika akaendelea. Usipompiga, alipiga kelele kwa jina la kijana wa kuni. Mara moja nilimwona akichota nyama kutoka katikati ya sufuria kubwa, si ya juu, akaigusisha nyuma ya kiganja chake, akakunja uso. Dakika mbili baadaye lile sufuria lilikuwa linatokota tena na mtu wa kuni anaombwa radhi kwa kufokewa.

Honi zilisikika saa nane kasoro.

Sijawahi kuona watu wazima wakiruka namna ile. Maji yalimwagwa, ndizi zikaingia sufuriani kwa mabeseni, mafuta, vitunguu, nyanya, vipande vya nyama na supu yake, majani juu, mfuniko, jiwe juu ya mfuniko. Moto ukapanda. Ng'ambo ya nyumba matarumbeta yalianza kusikika, na jikoni hakuna aliyekwenda kuchungulia bibi harusi ila msichana mmoja, aliyerudishwa kwa sikio.

Kisha likaja lile ambalo mama mpishi hawezi kulipangia. Ratiba ilisema chakula saa tisa. Saa tisa alikuwa anazungumza mwakilishi wa ukoo wa baba. Saa tisa na nusu MC alikuwa akitambulisha meza kuu, mtu mmoja mmoja, kila mtu na wimbo wake. Mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Msichana yule wa sikio alitumwa mara mbili kwenda kumnong'oneza MC, akarudi mara mbili na jibu la "dakika kumi."

Kwetu Tanga mambo hayaendi hivi, na nasema hivyo nikijua nitashambuliwa. Karamu ya ndoa ikiwa ya mchana, watu wanaswali adhuhuri, wanakaa jamvini, sinia linatua likiwa linafuka, watu watano wanalizunguka, na ndani ya dakika ishirini kimebaki kifupa. Maneno yanakuja baadaye, kama yapo. Hatufanyi hivyo kwa kujua habari za bakteria. Tuna njaa tu. Lakini nasi tumeanza kubadilika. Siku hizi kuna ukumbi, kuna foleni ya kupakua, kuna mabakuli marefu yenye mishumaa midogo chini ambayo huzimika kabla ya keki kukatwa. Chakula kimegeuzwa kuwa kitu cha kufungia shughuli, kikiwekwa mwisho ili watu wasiondoke. Kwa hiyo anayeamua kama watu watalala salama ni mwenye kipaza sauti kuliko mpishi, na mwenye kipaza sauti hajui kama ana madaraka hayo.

Saa kumi kasoro robo mama mpishi alivua kanga moja, akajifuta uso, akatembea mwenyewe hadi mbele ya hema. Sikusikia alichosema. Niliona tu MC akiinama, akiinama zaidi, kisha akitangaza kwamba kwa heshima ya wazee chakula kitatangulia na mgeni rasmi atapokelewa meza zikiwa zimejaa. Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia mwakilishi wa ukoo.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Nilimwambia ndizi zinakuwa jiwe, na la kwanza nitamrushia yeye."

Hakutaja wali. Hakutaja wadudu wala saa mbili. Ndizi, kwa ukaidi wake wa kutokubali kupoa, ilikuwa imeuokoa wali na nyama pia, vikapakuliwa pamoja. Nilianza kuelewa kwa nini vilima hivi vililisha watu kwa karne nyingi bila friji: chakula chao kikuu kilikuwa kinakataa kuwa kiporo. Vilivyoweza kusubiri vilikuwa na kinga yake. Karagwe ya mtawala Rumanyika, aliyewapokea wazungu Speke na Grant mwaka 1861, ilikuwa nchi ya maziwa, na wafugaji wa ukanda huu hadi leo hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa moshi wa nyasi kabla ya kukamulia. Moshi unapunguza vijidudu na unaacha harufu ambayo mgeni ama anaipenda papo hapo au haipendi kamwe. (Mimi niliomba kikombe cha pili.) Maziwa yakikaa yanaganda na kuwa chachu, na ndani ya uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kustawi.

Rubisi, pombe ya ndizi, nayo ina uchachu na kileo chake. Ililetwa wazee walipokwisha kula. Mwenyeji alimimina, akanywa yeye kwanza fundo moja mbele ya macho ya wote, kisha ndipo akapitisha. Mila hii ya kuonja iko katika nchi nyingi za maziwa makuu, na maana yake kila mtu anaijua: sijakuwekea sumu. Jioni ile, watu wakiwa wameshiba, mazungumzo yaligeukia huko moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa na kisa cha fulani aliyelishwa kitu msibani au harusini.

Niliwapa kisa changu, cha Chitima, mkoani Tete, Msumbiji. Januari 2015 watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani, na 75 wakafa, mwenye kuipika akiwa miongoni mwao. Siku za kwanza habari iliyozunguka ilikuwa nyongo ya mamba, kwamba kuna mtu kaimimina. Uchunguzi wa maabara ulipokamilika ulikuta sumu ya bakteria, Burkholderia gladioli, aliyezaliana kwenye unga wa mahindi ulioharibika kwa kulowa. Hakukuwa na adui. Kulikuwa na unga ambao mtu aliona uchungu kuutupa. Baraza lilikaa kimya kidogo, kisha mzee mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama hao wa maabara waliwahi kumpima mamba.

Nikawaongezea la Pemba, maana ni jirani zetu kwa bahari. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, kitoweo ambacho Zanzibar huhesabiwa kuwa cha heshima, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ya kasa haitoki kwa kuchemsha, na hakuna mpishi, hata awe huyu wa Songambele, atakayeigundua kwa kuinua ncha ya jani. Hilo waliliamini bila swali. Watu wa vilimani wako tayari kuamini lolote baya kuhusu viumbe vya baharini.

Jua lilipozama nilirudi jikoni kuaga. Hapa ndipo nilipotegemea kuona makosa, kwa kuwa mwisho wa shughuli ndipo viporo vinapofichwa: ndoo ya pilau chini ya kitanda, mabaki ya mchuzi yanayosubiri wageni wa kesho. Nyama iliyobaki ilikuwa imetolewa kwenye sufuria kubwa na kutandazwa kwenye masinia mapana, nyembamba nyembamba, ipoe upesi, na nusu yake ilikuwa inakaushwa juu ya moshi. Majirani walikuwa wanaondoka na mafungu yao ya ndizi ndani ya majani, wakiambiwa wale usiku huohuo. Wali mweupe uliobaki, karibu beseni zima, ulikuwa unabebwa kwenda kwa nguruwe wa jirani. Baba mdogo wa bwana harusi aliyeulipia mchele alisimama njiani akauangalia ukipita, akafungua mdomo, akaufunga.

Friji lilikuwepo ndani ya nyumba, limejaa soda na bia. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita.

Mama mpishi alinifungia ndizi na vipande viwili vya nyama kwenye jani, akakaza kwa kamba ya mgomba, akaweka mikononi mwangu. Bado lilikuwa linaunguza. Akaniuliza tunalala wapi. Nikamwambia tunarudi Bukoba usiku huo, gari linasubiri. Alitazama kilima, kama alivyofanya asubuhi, akipiga hesabu yake.

"Ule kabla ya Kyaka," alisema. "Ukifika darajani hujala, mtupie mamba."

Nilimaliza Omurushaka, taa za kwanza za mji zikiwa ndiyo zinaonekana, na dereva akiomba kulamba jani.